Mfuko wa Kushuka

Uji wa shayiri: pakiti moja. Wali wa mboga: moja. Tambi za uyoga: moja. Mwanamke aliupekua tena mfuko wa kijani hadi chini, akiomba awe amekosea. Hakukosea. Chakula cha safari nzima ya kushuka mlima kilikuwa cha mtu mmoja.

Nje ya hema, mumewe alikuwa akichemsha maji.

Mume huyo alikuwa mpishi, na safari aliipanga mwenyewe. Kwa juma zima alikausha vyakula katika oveni ya nyumbani, akavifunga katika pakiti za karatasi nzito: ukifika kambini, mimina maji ya moto, subiri kidogo, kula. "Hatutarudia chakula hata siku moja," alijigamba. Kila mlo aliufunga mara mbili. Pakiti yake aliitia karanga za kupondwa, kwa maana bila karanga yeye hajala. Ya mkewe hakuitia, kwa maana punje moja tu ingemvimbisha koo hadi pumzi izibe. Kuzifungua pakiti ilikuwa kazi ya mume, ili pasitokee kosa.

Mfuko wa buluu ulikuwa wa kupanda, na humo kila pakiti ilikuwa na pacha wake. Wa kijani alimkataza kuugusa kabla ya siku ya kushuka.

Maneno ya mdogo wake yalimrudia mwanamke: "Dada, fumbua macho. Kila wiki anakwenda mjini bila kuaga, akirudi ananukia sabuni isiyo ya kwenu. Na anavyokonda! Mapenzi yanamla huyo." Siku ile walicheka wote wawili.

Jana mumewe alimsimamisha ukingoni mwa korongo, mkono mgongoni mwake. "Tazama kule chini," alimwambia. "Njia ya kurudi ni ile yenye mawe meupe. Umeiona vizuri?" Aliiona. Aliyaona na majabali.

Zipu ya hema ikafunguka. Akausukuma mfuko nyuma yake.

"Kula, mke wangu." Mume alimpa bakuli linalofuka mvuke.

"Sina njaa."

"Jamani, hata vijiko viwili? Leo una safari ndefu."

Mwanamke alilinusa bakuli, akaliweka chini. "Mbona wewe huli?"

"Mimi nimeshashiba." Mume akainama, akamfunga vifungo vya koti hadi kidevuni. Vidole vyake vikakawia shingoni.

"Nakwenda kuchota maji," mume akasema hatimaye, akatoka.

Mwanamke alimchungulia hadi alipopotelea nyuma ya mwamba, juu zaidi ya kambi. Hapo akautia mfuko wa kijani katika mkoba wa mgongoni bila hata kutazama ndani, akautundika mabegani na kutimua mbio. Mawe meupe yalimpita kushoto na kulia. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Alipogeuka nyuma, kambi haikuonekana tena.

Hakuna aliyemfuata.

Njaa ilikuwa ikimkata tumbo. Akachana pakiti ya uji na kuumimina kiganjani kwa tahadhari: shayiri na zabibu kavu. Akaunusa. Akauchambua kwa kidole, kisha akachana pakiti ya wali. Karoti na njegere. Akachana na ya tambi, akavimwaga vyakula vyote juu ya jiwe na kuvitawanya.

Hapakuwa na karanga hata punje.

Akaingiza mkono ndani ya mkoba. Chupa zao mbili za maji zilikuwa humo, zote zimejaa hadi shingoni; mumewe alikwenda kuchota maji mikono mitupu.

Akaikumbuka sabuni ile isiyo ya kwao: ilinukia hospitali. Mwanamke akautupa mkoba, akaanza kupanda mbio alikotoka, akiliita jina la mumewe.