Mirija Saba kwa Mzee Ombati

Nyanchera alikuwa amechutama nyuma ya nyumba ya mzee Ombati, jicho kwenye ufa wa ukuta, akihesabu mirija ya kunywea. Ilikuwa saba, mirefu, yote imezama katika chungu kimoja kinachofuka mvuke. Mrija wa tatu ulikuwa mdomoni mwa mumewe, Nyangau.

"Umemwona?" alinong'ona Obadiah, kaka yake. Alikuwa amesimama kwenye migomba na sanduku la dada yake kichwani. Alitoka kwao Ekerenyo alfajiri kuja kumchukua.

"Nimemwona."

Basi yamekwisha. Desemba, Nyangau alipoanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akipigilia mabati, kisa pombe, Nyanchera alimwambia wazi: tafuta watu wa kukusaidia kuacha, la sivyo narudi kwetu. Na nani aliyetafuta? Nyanchera mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma.

Huko Keumbu alipata waumini waliokutana kila Jumatano, walevi wakaungama na kuombewa. Nyangau aliingia, akatoka mbio. Benchi la mbele alikuwa ameketi mzee ambaye mwanawe alimwoa binti yao, na Mkisii haungami ulevi mbele ya mkwe. Hiyo ni ensoni, haya ya wakwe, na hata mlevi anayo. Kundi la Suneka lilikuwa la akina mama watupu. Walimlilia sana, wakamnywesha chai, wakamrudisha. Kisii mjini karani mmoja aliendesha mkutano kwa Kiingereza kitupu, na Nyangau alikaa saa mbili akitikisa kichwa asijue amekubali nini.

Nyanchera alitembea mpaka viatu vikaisha soli. Halafu jioni moja mumewe akamwambia, akila viazi bila wasiwasi wowote, "Mama Nyasani, usihangaike tena. Kundi nimelipata."

"Wapi?"

"Kwa mzee Ombati."

Kwa Ombati! Mtu ambaye chungu chake kilijulikana mpaka ng'ambo ya mto! Si bora kumkabidhi fisi bucha?

"Na mnafanya nini huko?"

"Tumeapa tusiseme."

Kiapo cha walevi. Tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja. Alirudi jioni, akalala, na usiku akatoka nje kukojoa mara nne, mara tano, kama mnywaji mwingine yeyote. Nyanchera hakumsogelea kumnusa. Miaka ishirini ya kumnusa mtu inatosha.

Sasa alitega sikio. Ndani, fundi cherehani Mogaka alikuwa akisema, na wenzake wakimsikiliza.

"Juzi nilipita kwa Mong'ina, pale anapouzia pombe. Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mlangoni."

"Pole, ndugu yangu," alisema mzee Ombati.

Wanapeana pole! Nyanchera alitamani kucheka. Nyumbani watoto walikula ugali na chumvi, na hapa watu wazima wanapeana pole kwa kwenda kwa Mong'ina.

Bitutu, mke wa Ombati, aliingia na birika, akamimina maji ya moto chunguni, kama inavyoongezwa siku zote kwenye pombe ya mirija. Yeye naye! Wiki iliyopita Nyanchera alimuuliza siku hizi wanaanika wapi wimbi la kimea cha pombe, maana mkeka hauonekani uani. Bitutu akajibu, "Siku hizi hatuaniki." Uongo mtupu, aliwaza Nyanchera. Wanaficha ili chifu asijue.

"Dada, twende," alisema Obadiah. "Jua linaenda, na shingo yangu si ya chuma."

"Ngoja."

"Unangoja nini tena?"

"Huko nyumbani baba ataniuliza kama nina hakika. Sitaki kusema niliona kwenye ufa."

Alizunguka, akasukuma mlango. Wanaume saba waliinua vichwa. Mke wa mwana haingii hivi alipo mzee wa ukoo, wala havuki mirija ya wanaume, na Nyanchera alijua. Alivuka.

"Mkamwana!" Ombati alishtuka. "Kuna nini?"

"Mama Nyasani," alisema Nyangau, akisimama. "Toka nje kwanza. Nakuomba."

"Nimetoka nje miaka ishirini. Leo naingia." Machozi yalimjia hata hakuyataka. "Sanduku langu liko nje. Kaka yangu yuko nje. Lakini sitaki isemwe nilikusingizia. Nipe huo mrija."

Nyangau aliangalia wenzake mmoja mmoja, kama mtu anayeomba ruhusa. Mzee Ombati aliinamisha kichwa taratibu. Nyangau akampa mrija.

Nyanchera aliijua pombe. Mama yake aliipika, na tangu utotoni ndiye aliyetumwa kuionja kama imeiva. Alifumba macho, akavuta. Akameza. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi.

Kisha akaachia mrija, akapiga magoti, akachungulia chunguni. Aliuona uso wake mwenyewe, na chini ya uso, katika maji ya moto matupu, aliona udongo wa chungu mpaka kitako.

"Obadiah," aliita. "Shusha sanduku."