Karatasi ya Ukoo wa Tunkara

Mbao za wanafunzi zilikuwa zimetupwa mchangani, mbili zimepasuka, wino wa aya haujakauka. Dado Sumare aliziokota zote, akazikumbatia mpaka uani pa msikiti, akazibwaga miguuni pa Demba Tunkara, mkuu wa kijiji.

"Umezivunja wewe?"

"Nimewatuma vijana wangu." Demba hata hakuinuka mkekani. "Mtoto wa watumwa hawafundishi mabinti zetu Kurani."

"Miaka kumi na moja nawafundisha. Leo ndiyo umegundua?"

"Leo binti yangu amekuita mama mwalimu. Mbele ya wageni wangu!"

Wazee walioketi naye wakaguna. Demba akatoa kwenye mkoba wa ngozi karatasi iliyogeuka rangi ya tumbaku.

"Hii waliiacha babu zangu. Kiarabu kitupu. Isome, wote wasikie wewe ni nani."

"Isome mwenyewe."

"Sisi hatukujisumbua na hayo. Tulikuwa na watu wa kutusomea."

Wanawe wa kiume wote walipelekwa shule ya Kifaransa, alifu hawaijui. Wazee wale nao walihifadhi sala tu. Imamu Fode, aliyemfundisha Dado tangu utotoni, alikuwa amepofuka.

"Soma, binti yangu," imamu akasema. "Nitahukumu kwa nitakachosikia."

Dado aliisoma kimya kwanza. Alipofika kwenye neno farasi, damu ikamchemka mpaka masikioni. Kwa farasi mzee! Akawatazama mmoja mmoja, kisha akasoma kwa sauti, akitafsiri.

"Mbele ya mashahidi watatu, Musa Sumare amemnunua Samba Tunkara kwa farasi mmoja mzee na mabamba mawili ya chumvi. Yeye na uzao wake ni mali ya mnunuzi."

Mtu akacheka nyuma, akajiziba mdomo.

"Mwongo we!" Demba aliruka. "Mwongo mkubwa!"

"Nionyeshe nilipodanganya. Haya, weka kidole."

Demba aliinyakua karatasi, akaikodolea macho, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Jasho likamtiririka.

"Rudia, Dado," imamu akaamuru.

Akarudia yote, bila kusita, bila kupunguza wala kuongeza.

"Mimi sijui bwana wala mtumwa, Demba," imamu akasema. "Wewe ndiye uliyetaka karatasi iamue. Imeamua. Mbao utazilipa."

Dado hakushukuru mtu. Alasiri wasichana walirejea wote, hata binti wa Demba, naye akawafundisha kwa sauti kali kuliko siku zote.

Alikuwa ameisoma karatasi ile neno kwa neno, kama ilivyoandikwa. Majina mawili tu ndiyo aliyoyasoma kila moja mahali pa jingine.