Siku ya Kukata

"Taratibu, kaka. Hapa tunafuma, hatuui nyoka."

Mwalimu aliposema hivyo, darasa zima likaangua kicheko. Kiberiti naye akacheka kidogo, kisha akakishindilia tena kitana cha kukazia nyuzi mpaka fremu ikatikisika. Mchomelea mageti hana mkono mwepesi, na huyu, tangu mdogo wake wa kike apigwe nondo ya kichwa, alikuwa anatafuta kitu cha kupiga.

Dada huyo alikaa fremu ya pembeni. Alikuwa fundi cherehani wa maneno mengi, aliyewatania wateja mpaka wanasahau walichokuja kushonesha. Sasa hakuwa na hata neno moja. Ukimuuliza ni nani aliyempiga, anakodoa macho na kutetemeka, basi. Daktari alisema huenda mikono itakumbuka kile ambacho mdomo umepoteza. Ndiyo maana Kiberiti akamleta kwenye darasa la kufuma mazulia ya ukutani, na yeye mwenyewe akajiunga ili asimwache peke yake.

Alichotaka Kiberiti ni kumjua huyo mtu tu. Mengine angeyamaliza mwenyewe.

Shemeji yake, mume wa dada, hakukosa darasa. Alikaa kwenye benchi na chupa ya chai, akimfunika mkewe mabega kila upepo ukivuma, na wanawake wa darasa walimsifu mpaka basi. Siku ya tukio alikuwa amelala chumbani. Alisikia kishindo, akatoka, akakuta damu chini ya cherehani na mlango wa barabarani uko wazi. Kila akisimulia, analia.

Mwalimu, mama mfupi mwenye sauti ya amri, alikuwa na sheria moja. Fremu zake zilikazwa kwa boliti karibu kabisa na ukuta, hupati hata pa kuchungulia upande wa pili. "Hapa unakaa nyuma ya kazi," alisema siku ya kwanza. "Uso wake utauona siku ya kukata. Kabla ya hapo usisifu, usilaumu."

"Kwa hiyo nikiharibu, nitajulia mbele za watu?" Kiberiti aliuliza.

"Mbele za watu. Na haifumuki."

Wakacheka tena. Yeye alikuwa anafuma mistari tu, na mistari ni ileile huku na huku, kwa hiyo maneno yale yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Dada alifuma chumba. Kwanza sakafu, halafu cherehani katikati, halafu mwanamke ameinama. Kiberiti akaacha mistari yake akawa anakodolea macho mikono ya mdogo wake. Sebule ile aliijua vizuri: ukiitazama cherehani, mlango wa barabarani uko kushoto, wa chumbani uko kulia. Dada aliifuma yote miwili kwa uzi wa kahawia, sawasawa. Kisha, mchana mmoja, mwalimu akiwa stoo, akaanza kufuma mtu kwenye mlango wa kushoto. Mtu hakuwa na uso. Alikuwa ameinua mkono, na mkononi ana nondo.

"Kaingilia barabarani," Kiberiti akanong'ona.

Shemeji akaja kuangalia. Aliangalia sana, kisha akashusha pumzi ndefu. "Si nilisema? Sasa pale nje ya mlango nani anashinda kila siku?"

Mnoa visu. Baiskeli yake ya kunolea haikuondoka chini ya dirisha la sebule ile, na kila aliyemuuliza alimjibu vilevile, kwamba hakuona mtu akiingia.

Kiberiti akainuka. Dada akamdaka shati, akatikisa kichwa kwa nguvu, akaishika fremu kwa mikono miwili akitaka kuizungusha. Haikusogea. Akaipiga ngumi mpaka vidole vikachubuka, huku akitoa sauti kama ya mtu anayezama. Kiberiti roho ilimuuma kumwona na hofu kiasi kile.

"Usiogope, mdogo wangu. Leo yanaisha."

Njiani shemeji akamtia chuma mkononi.

Mnoa visu alikuwa ameinamia mkasi. "Aliingia nani siku ile?" Kiberiti akamfokea.

"Hakuingia mtu, kaka. Naapa. Nilikuwa hapahapa."

"Kama hakuingia mtu, basi ni wewe!"

Pigo la kwanza lilivunja mkono alioinua kujikinga. La pili lilivunja taya. Baiskeli ikaanguka na jiwe la kunolea likaendelea kuzunguka lenyewe. "Hakuingia," mzee wa watu alisema kwa mdomo uliojaa damu, na akaambulia jingine la mbavuni. Watu walitoka madukani, hakuna aliyethubutu kusogea.

"Bado anapumua, shemeji," sauti ikasema pembeni.

Kiberiti akampiga mpaka akaacha kupumua. Alifurahi, tena alifurahi sana. Damu ikimchuruzika mpaka viwikoni, akarudi darasani mbio ili dada asikie kabla polisi hawajafika. Shemeji alimfuata nyuma, akaichukua chupa yake ya chai kwenye benchi.

Wanafunzi walikuwa wamejibanza ukutani. Dada alikuwa anakata nyuzi za juu, moja baada ya nyingine.

"Kaninyang'anya mkasi," mwalimu akasema. "Nimemwambia kazi haijaisha, hasikii."

"Imekwisha," Kiberiti akasema. "Nimemmaliza, mdogo wangu."

Dada akaangalia ile damu. Uzi wa mwisho ukakatika, zulia likamwangukia mapajani. Akaligeuza, akalinyanyua mbele ya kifua chake ili kaka yake aone uso wa kazi.

Nyuma ya Kiberiti chupa ya chai ikaanguka ikapasuka. Cherehani ilikuwa palepale katikati, mwanamke ameinama. Mtu mwenye nondo alikuwa anatokea kulia, chumbani.