Siku Aliyoazimwa Mwakio

Kila mwaka, kwa siku moja, kila mtu mzima pale Wundanyi humwazima mwili wake marehemu mmoja aliyeandikwa kwenye mnara wa wapagazi, wale waliobebeshwa mizigo ya vita vya wazungu wasirudi kwao.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu, Mghoi, aliyemwazima mpagazi Mwakio mwili wake, alizinduka jioni shingo imekakamaa.

"Jamani, huyu Mwakio kanifanyia nini?"

"Kabeba maji ya mtaa mzima, Mama," alijibu bintiye, Wakesho. "Na magunia ya ndizi ya jirani. Tulimsihi apumzike, akacheka tu."

Mghoi alitaka kufoka.

"Kakuachia salamu," Wakesho akaendelea. "Kasema, 'Mwambie mama yako ahsante. Zamani zile hakuna aliyeniuliza jina. Leo kila aliyenitwika aliniuliza kwanza.'"

Hasira zikamyeyuka Mghoi, chozi likamtoka. Akamshukuru Mwakio kwa sauti, kama anayemsindikiza mgeni mlangoni.

Kisha akainuka kwenda kuinjika chai. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe hadi kichwani, ukashika mzigo usiokuwapo.

Wakesho alicheka. Halafu akaacha kucheka, maana mkono haukushuka.