Udongo wa Mama Mkwe

Vitunguu vya pilau ya harusi ya wifi yake vilipoanza kunukia, roho ilimchafuka Mwanaidi, akakimbilia nyuma ya jiko kutapika. Aliporudi, wanawake waliokuja kupika walimpigia vigelegele.

“Hongera, mwanangu!” alisema mama mkwe, akamtia mkononi kipande cha udongo, ule wanaoutafuna wajawazito. “Kikutulize moyo.”

Ugonjwa wake wa ini Mwanaidi hakuwahi kumtajia mtu katika nyumba ile, hata mumewe.

“Ahsante, mama,” alijibu, macho chini. Viganja vilikuwa vimeshaanza kumwasha, kama kila ini lilipomsumbua. Akaificha mikono ndani ya kanga, akajikuna kwa ule udongo huku akijifanya anatafuna.

“Mtamu?” aliuliza mama mkwe.

Mwanaidi aliitikia kwa kichwa, na chini ya kanga unga wa udongo ukazidi kumdondokea miguuni.