Zamu ya Bi Mishi

Athumani alimpiga mkewe, na aliyeumia ni mama yake. Mtaani kwao kipigo hakikumuumiza aliyepigwa. Kilimwingia mwanamke wa Chama cha Urithi aliyevaa bangili wiki hiyo. Wanawake walirithishana bangili hiyo tangu enzi za nyanya zao, na waliapa kutomtaja mwenye zamu.

Jumatatu Bi Mishi alitema meno mawili kwenye beseni. Jumatano ubavu ukavunjika, akaenda kwa mwanawe Athumani akijishikilia ukutani.

“Mama, umeanguka tena?”

“Bafuni. Mbona unampiga Saumu?”

“Kwani anaumia? Hao wanawake wenu wa chama ndiyo kazi yao. Wamezoea.”

Bi Mishi akachukua mchi wa kinu, akamtandika mkononi kwa nguvu zake zote. Athumani hakuhisi kitu, akacheka. Kisha mchi ukaanguka, akaona mkono wa mamake umevunjika, unaning'inia, na bangili imejitokeza chini ya buibui.

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Meno mawili, ubavu mmoja, mkono wa kulia. Na zamu ilikuwa imebakiza siku nne.