Kura ya Daktari wa Mbuzi

Watu mia moja na arobaini walikuwa wamesimama nje ya kanisa la Mbumbuni, vichwa vimeinama, na hakuna aliyekuwa akiomba. Kila mmoja alikuwa na simu mkononi. Katikati yao alizunguka Mwalimu Kalondu, kiongozi wa akina mama, akichungulia kioo kimoja baada ya kingine.

"Msiandike kitu," aliwaambia. "Bonyezeni tu vile daktari amesema."

Daktari Nzomo alisimama kando, koti la suti likimbana tumbo. Alikuwa ametibu mifugo ya Makueni miaka thelathini na minne. Alikuwa amezalisha ng'ombe kwenye matope na kuchanja mbuzi wasiohesabika, na sasa, akiwa na miaka sitini na miwili, anaombaomba kura kwa simu kama mtu anayetafuta udiwani. Aibu tupu.

Na yote hayo kwa sababu ya Githaiga.

Githaiga pia alikuwa daktari wa mifugo, mzee wa miaka sitini aliyetoka Nyeri akafungua duka la dawa pale Emali, ng'ambo ya barabara, likitazamana na duka la Nzomo. Mzee mzima, lakini hebu fungua simu umwone: leo amekumbatia mbuzi wanapigwa picha, kesho anacheza densi zizini, keshokutwa anauliza dunia nzima kama kuna kuku anakohoa. Nzomo alikuwa na neno moja la watu wa aina hiyo: bure. Daktari anayejua kazi, alisema, hana wakati wa kujipiga picha.

Ila kulikuwa na jambo lililomnyima raha. Ushirika wa wafugaji wa mbuzi wa maziwa ulikuwa unataka kuajiri daktari mmoja, miaka mitatu, na kwa Nzomo hiyo ndiyo kazi iliyobaki duniani. Wateja wake walikuwa wamepungua hadi wale wanaokuja kuomba ushauri na kuondoka bila hata kununua dawa ya minyoo. Asipoipata, angefunga duka kabla ya mvua ya Novemba, aende nyumbani akae.

Mbithi, mwenyekiti wa ushirika, aliwaita wote wawili.

"Wazee wangu, siku hizi hatuajiri kwa barua," alisema. "Tumefungua ukurasa kwa mtandao, na majina yenu yako pale. Wafugaji wataingia wenyewe waseme mnafaa kiasi gani. Kila mtu ajitangaze. Na pale juu kuna maelezo, yasomeni kwanza."

Walipotoka nje, Githaiga alimshika Nzomo mkono. "Daktari, haya mambo yalinisumbua hata mimi, mpaka nikaenda kozi ya wiki mbili. Njoo tukae nikuonyeshe. Ni dakika kumi tu."

Nzomo alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Mimi nilisomea udaktari chuo cha Kabete," alisema. "Sijafika mahali pa kufundishwa kubonyeza simu na mtu anayecheza densi na mbuzi."

Maelezo hakuyasoma. Yalikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo kama chawa, na kwa maoni yake maelezo huandikiwa wajinga. Aliona jina lake, akaona jina la Githaiga, na chini ya kila jina vibonyezo vitano, namba moja hadi tano. Kitu cha mtoto wa nasari. Akampigia Mwalimu Kalondu, ambaye aliwahi kumwokolea ng'ombe mara mbili.

"Mimi mnajua mahali pangu," alimwambia. "Mbele kabisa."

"Na Githaiga tumweke wapi, daktari?"

"Kwani wewe wale vichwa maji wa darasa lako ulikuwa unawaweka wapi?"

Kalondu alicheka. Kabla ya kustaafu alikuwa amesoma matokeo mbele ya shule nzima miaka thelathini, tangu mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. "Mkiani," alisema.

"Basi hapo hapo."

Jumapili ile, mtu wa mwisho alipomaliza kubonyeza, Kalondu alimwinulia Nzomo kidole gumba kutoka ng'ambo ya uwanja. Nzomo alirudi Emali akiimba pambio. Ukurasa ulifungwa Jumatatu, na Jumanne alipaka mlango wa duka rangi mpya.

Jumatano asubuhi Githaiga alivuka barabara. Alikuwa ameshika kofia mkononi na macho yake yalikuwa mekundu. Nzomo alimwona akija, akavuta kiti, akakaa vizuri ili aifurahie saa yake.

"Pole, mzee mwenzangu," alisema. "Hizi kozi za wiki mbili hazisaidii kila mtu."

Githaiga aliketi bila kukaribishwa. "Daktari, mimi nilikuwa nimeshafunga virago. Densi zote zile, na waliobonyeza jina langu hawakufika hata kumi. Wiki jana nilimwambia Mbithi akupe wewe kazi, mimi nirudi Nyeri. Sasa jana ameniita nitie sahihi."

"Sahihi ya nini?"

"Ya kazi. Watu wa kanisa lako, wote mia moja na arobaini, wamenipa tano juu ya tano, na wewe wakakupa moja moja. Nikajua wamekosea, nikampigia Mwalimu Kalondu." Githaiga alijifuta macho kwa kofia. "Ameniapia kwamba alikagua kila simu kwa macho yake, na watu wote walifanya vile vile ulivyowaagiza."